Vyuma vya Shimoni

Mume wangu alipoanza kushika ukuta kila akitaka kuinuka kitini, niliacha kumtania. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwita muzee mbele ya wageni, naye anacheka, maana hajafika hata miaka hamsini na nywele zake ni nyeusi kuliko zangu. Lakini siku moja alinyoosha mkono kuutafuta ukuta akaukosa, akaketi tena kwa kishindo, akanitazama kama mtu aliyefumaniwa anaiba. Nikaenda jikoni kusonga bugali. Nililia huku nasonga, na nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huruma.

Alikuwa karani wa mizigo kwenye uwanja wa ndege. Miaka yote alikaa kwenye kiti kimoja mbele ya mzani, watu wanaleta mizigo yao, yeye anaandika. Vita vilipoingia Goma na uwanja ukafungwa, alikuja kukaa sebuleni vilevile alivyokuwa akikaa kule, ila sasa bila mzani na bila watu wa kubishana nao. Daktari akamwambia kwamba ana sukari, kwamba mapaja yake yanayeyuka, na kwamba vidonge peke yake havitamsaidia. Abebe vitu vizito, alisema, kidogo kidogo, na asiache.

Mtu wa mji mwingine angeweza kuyachukulia maneno hayo polepole. Sisi wa Goma tumekimbia moto wa mlima, tumekimbia risasi, na kila mtu hapa anajua viatu vyake viko wapi hata akiwa usingizini. Kila nilipomwona mume wangu anashika ukuta nilijiuliza jambo moja tu: siku ya kukimbia ikija tena, huyu ataweza kutembea hadi wapi? Na mimi nitafanya nini, nimwache au nikae naye? Sikutaka kuja kuchagua. Ndiyo maana nilienda kununua vyuma.

Zipo sehemu za kufanyia mazoezi mjini, vijana wanaziita sale. Ilikuwapo moja si mbali na kwetu. Halafu tukasikia kwamba gari lilisimama mlangoni asubuhi moja, wenye silaha wakashuka, wakawatazama waliokuwa wakibeba vyuma, wakachagua. Sikuona kwa macho yangu, na Goma kuna maneno mengi. Lakini sale ile ilifungwa, na mama mmoja wa parokia yetu alianza kuja misani akiwa peke yake wakati zamani alikuja na wanawe wawili. Kwa hiyo tuliamua kwamba mume wangu atafanyia mazoezi nyumbani, na asionekane na mtu.

Ninauza vitenge sokoni Birere, hatua chache kutoka mpakani, kwa hiyo najua nani anauza nini na nani anamdanganya nani. Vyuma vya mazoezi vinauzwa na bwana mmoja anayeleta vitu vilivyotumika Ulaya: baiskeli, viti vya ofisi, mashine za kahawa ambazo hakuna anayejua kuziwasha. Nilimkuta amekaa katikati ya mali yake akila karanga. Nikamwambia natafuta vyuma vya mtu anayeanza. Akaniuliza kama ni vya kijana wangu. Nikasema ni vyangu. Akacheka sana, na nikamwacha acheke, kwa sababu anayecheka hupunguza bei mapema.

Kabla sijatoka nyumbani mume wangu alikuwa amenipa somo. Alikuwa amesisimka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Kile chuma kirefu cha kushikia, ambacho sisi tunakiita bare, kiwe kifupi na chepesi, kisizidi kilo saba au nane, maana anayeanza huumizwa na bare kabla hajavika kitu. Diski zile za mviringo zinazovikwa pembeni ziwe ndogo ndogo nyingi, si kubwa mbili, ili mtu aweze kuongeza kidogo. Na juu ya yote, nisiamini uzito ulioandikwa. Alikuwa ameona mizigo miaka mingi, na alisema hakuna uongo unaoandikwa kwa herufi nzuri kama kilo.

Yule bwana alianza kwa kunionyesha diski za plastiki, nyekundu na buluu, nene, za kupendeza. Niliitikisa moja karibu na sikio nikasikia mchanga unatembea ndani. Akasema ni simenti bora. Nikamwambia simenti bora haitembei. Akanitolea za chuma kitupu, nyeusi, zenye kutu pembeni, na hapo tukaanza kuongea kama watu wazima. Bare aliyotaka nichukue ilikuwa na ncha nene, na tundu za diski zilikuwa nyembamba. Angeniuzia vyote viwili, nifike nyumbani nigundue haviingiliani, nirudi kununua tena. Nilizijaribu diski moja moja mpaka nikapata bare inayozipokea zote. Niliiviringisha chini kwenye sakafu ya duka lake kuona kama imepinda. Nilizungusha zile skrubu za kuzibana diski zisidondoke, nikakataa mbili zilizolika meno.

Kisha nikazibeba diski zote hadi kwa rafiki yangu anayeuza maharagwe, mama mnene wa Butembo ambaye mzani wake unaogopwa hata na wateja wake wenyewe kwa kusema kweli kupita kiasi. Muuza vyuma alinifuata, karanga mkononi, uso umebadilika.

"Mama, hii haiko maharagi," alisema.

"Njo maana napima," nikamjibu.

Diski iliyoandikwa kumi ilikuwa na tisa na kitu. Mwenzake iliyoandikwa kumi ilipita kumi. Nilizikataa zile zilizotofautiana sana, nikapanga zilizobaki kwa jozi, kila moja na ya kufanana nayo, ili upande mmoja usimvute mume wangu bega. Rafiki yangu akanipa rangi yake ya kucha, nyekundu, nikaandika juu ya kila diski uzito wake wa kweli. Yule bwana alisema katika maisha yake ya biashara hajawahi kuona mwanamke mbaya kama mimi. Nilimshukuru.

Nikaziweka diski chini ya gunia na vitenge juu yake. Bare nikaifunga ndani ya kitenge, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nayo imelala mapajani. Hapo sikufikiri vizuri. Kitu kirefu kilichofungwa kitambaa, katika mji huu, kina sura moja tu. Watu walikuwa wakitazama halafu wanageuza macho, na dereva akaanza kuniambia nishuke. Kwenye kizuizi, ambacho sisi tunakiita baryeri, mmoja wa wenye silaha aliinua mkono kabla hatujafika. Nilifungua kile kitenge polepole, mikono ikionekana. Akaishika bare, akaipima mkononi, akaniuliza ni ya nini. Nilisema ni ya kufungia mlango. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. Gunia hakulifungua. Alisema tu kwamba nyumba yenye mlango wa kufungwa na chuma kama kile lazima ina kitu cha maana ndani, akaturuhusu kupita.

Wakati huo tulikuwa tumehama Mabanga, ambako bomu lilitoboa paa la jirani, tukawa tunalinda nyumba ya kaka yake mume wangu upande wa Keshero, karibu na ziwa. Kaka mwenyewe alikuwa amekwenda Kampala. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo. Waliojenga ukuta wa ua walichimba mawe pale pale, lile jiwe jeusi la mlima, wakaacha bonde dogo la kumfikia mtu kifuani, limezungukwa na majani. Chini lilikuwa tambarare. Tulipoliona tulifurahi. Mtu akiwa mle haonekani njiani, na chuma kikianguka hakisikiki mbali. Mume wangu alitengeneza ngazi ya mbao, akaweka ubao mnene chini juu ya matofali, wa kulalia akisukuma bare kutoka kifuani.

Wiki ileile kuku wetu mmoja alikutwa amekufa mle shimoni. Tukasema ni kideri. Tukamtupa, na waliobaki nikawafungia.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na nayaandika haya kwa sababu ilikuwa kweli. Alishuka asubuhi jua likishatoka, na upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga majani. Alianza na bare tupu. Akaongeza diski ndogo kabisa kila upande. Aliinua akiwa amesimama, alichuchumaa nayo mabegani, alilala akaisukuma. Nilikaa juu na chai yangu nikimhesabia, na nikimdhihaki anapotoa ulimi. Akaacha kushika ukuta. Siku moja alibeba gunia zima la makaa kutoka njiani hadi jikoni bila kuombwa, akapita mbele yangu akijifanya hanioni. Nilimpenda siku ile kama nilivyompenda tukiwa wachumba, na nilimwambia.

Kisha jirani akaanza kujenga. Ghorofa yake ilipanda juu ya ukuta wetu, na mafundi wakawa wanasimama pale juu na kutazama kila kitu chetu, nguo kwenye kamba, sufuria, na shimo. Waliosimama pale juu hatukuwajua. Fundi anakunywa pombe, anaongea, na maneno yanatembea mpaka yanafika penye masikio mabaya. Mume wangu akabadilisha saa. Akawa anashuka kabla jua halijatoka, kabla mafundi hawajaja, wakati ziwa limetulia na hakuna jani linalotikisika.

Hapo ndipo vyuma vilipoanza kuwa vizito.

Mwanzoni alisema hakulala vizuri. Aliondoa diski ndogo. Baadaye akaondoa nyingine. Alipanda ngazi akiwa anahema, macho mekundu, akisema kichwa kinampiga. Nilimwongezea maharagwe, nikamwongezea samaki. Akaondoa tena. Uzito aliokuwa akiusukuma akiongea sasa ulikuwa unamkalia kifuani. Ajabu ni kwamba akiwa amesimama alibeba vizuri tu. Ni akilala kwenye ule ubao ndipo nguvu zilipomtoka. Nilikuwa nikimtazama kutoka juu, kwenye giza lile la mwisho, nikiona kifua kinapanda na kushuka haraka mno, na nilikuwa nikiogopa bila kujua naogopa nini. Nilifikiri ni moyo. Nilifikiri ni ile sukari inamla kutoka ndani.

Yeye alifikiri ni mimi. Asubuhi moja aliketi kwenye ngazi ya nyumba, akasema maneno ambayo alikuwa ameyaweka moyoni kwa siku nyingi.

"Ule mutu alikudanganya. Hizi diski ziko muzito kupita vile uliandika."

Nilikasirika. Nilikuwa nimepima kila moja mbele ya shahidi, nilikuwa nimetukanwa kwa ajili ya kupima, na sasa karani wa mzani asiye na mzani ananiambia sijui kupima. Nilimwambia chuma hakinenepi. Nilishuka nikachukua diski moja kati ya zile mbili kubwa kuliko zote, nikaitia kwenye gunia langu, nikamwambia naipeleka Birere ikapimwe tena, na jioni ataniomba msamaha akiwa amepiga magoti. Niliposhuka mle nilisikia kizunguzungu kidogo. Nikadhani ni hasira. Nilimwacha akifunga kamba za viatu ili ashuke, na sikumuaga.

Rafiki yangu wa maharagwe alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Aliiweka diski kwenye mzani. Uzito ulikuwa uleule, sawasawa na ile rangi ya kucha. Nilipiga makofi. Akataka kujua kisa, nikaanza kumsimulia kwa mbwembwe, nikiigiza sauti ya mume wangu, na wauzaji wa jirani wakasogea kusikiliza. Nikasema chuma chake ni cha ajabu, akisimama ni chepesi, ila akilala chini kule shimoni kinakuwa kizito. Nilisema hivyo nikicheka. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Akilala chini. Kule shimoni. Asubuhi, bila upepo.

Nikamkumbuka kuku.

Kila mtoto wa Goma anajua mazuku. Ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa ziwa, haina rangi, haina harufu, inajaa kwenye mabonde kama maji na kumzimisha anayeinama ndani yake. Mbuzi anaingia kula majani, anakaa humo. Mchungaji anamfuata, naye anakaa. Nilikuwa nimeambiwa hayo tangu mdogo. Lakini sisi tulikua Mabanga, juu ya jiwe, na huko mazuku ilikuwa hadithi ya watu wa ziwani. Tena tulipoliona lile shimo tulikuwa tukiwaza kuhusu watu. Kwa muda wote ule tulimwogopa anayeweza kuchungulia kutoka juu, na mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa pale juu na chai kulinda njia. Hakuna aliyeangalia chini.

Niliiacha diski kwenye mzani. Niliacha vitenge vyangu wazi. Sikumbuki kupanda moto. Nakumbuka nikimwambia dereva aende, aende, na kizuizi, na mtu mwenye silaha akiniashiria kusimama na dereva akisimama, na mimi nikimwambia yule mtu kwamba mume wangu anakufa. Alinitazama usoni, akaondoa mguu njiani.

Mume wangu hakuwa amelala chini. Hilo ndilo lililomwokoa. Nilikuwa nimeondoka na diski moja, na mume wangu, karani wa mizigo mpaka kwenye mifupa, hakuweza kulala chini ya bare isiyo na usawa. Akafanya mazoezi ya kusimama, diski moja mkononi. Kisha akachoka, akaketi kwenye ule ubao apumzike kidogo. Nilimkuta hapo ameketi, kichwa kimeinama, midomo ina rangi ya majivu. Niliita. Aliinua mkono kidogo, akasema nisubiri, anakuja. Hakuja. Nilitaka kuruka ndani, na mguu wangu ulikuwa tayari kwenye ngazi, nikakumbuka mchungaji na mbuzi wake.

Nilifungua kitenge changu kiunoni nikabaki na sketi ya ndani, nikamtupia ncha moja, nikamwambia kwa ukali ajizungushie mkononi, ukali uleule wa asubuhi. Akajizungushia. Nikavuta. Hakusogea. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo, na mafundi wa ghorofa, wale tuliokuwa tukijificha wasituone, wakaruka ukuta. Wanaume wanne walivuta kile kitenge, wamelala kifudifudi kwenye ukingo, nyuso zimegeuzwa pembeni. Mume wangu alipanda ngazi kwa magoti, akamwagika kwenye majani, akatapika, akapumua.

Mkubwa wa mafundi alikuwa mtu wa Masisi, mpole. Aliniona nimesimama bila kitenge, akatazama pembeni akinipa koti lake.

"Mama, iyi shimo iko na mazuku," alisema. "Siye tulizani munajua."

Mchana upepo ulipoanza walizivua diski na bare kwa kamba yenye ndoano, moja baada ya nyingine, wakaziweka barazani. Walikuwa wakarimu na walikuwa vijana, kwa hiyo lazima wangejaribu. Walivika kila kitu, wakashindana, wakacheka, na mmoja akauliza ni nani anayebeba hivi vyote. Mume wangu alikuwa amelala mkekani amefunikwa, na alijibu kwa fahari kwamba ni yeye. Nilitaka kumziba mdomo. Watu wale walikuwa wamempa uhai wake na sikuwa na la kuwaambia ila asante, nikawapikia wali.

Nadhani hawakusema kwa ubaya. Kisa cha mtu aliyevuliwa shimoni na kitenge cha mkewe ni kisa kizuri, hata mimi ningekisimulia. Kilitembea.

Alasiri moja, wiki kadhaa baadaye, walikuja watu wawili, mmoja na bunduki. Walipiga hodi kwa adabu. Mume wangu alikuwa barazani. Alikuwa amepona, alikuwa ameanza tena polepole, mchana, nyuma ya mashuka niliyotundika kwenye kamba. Yule asiye na bunduki alitusalimia, akaomba maji ya kunywa, akanywa yote. Kisha akasogeza shuka kwa kidole, akaona vyuma, akasema wamesikia kuna papa mwenye nguvu hapa, baba wa nyumba hii, na kazi ya kubeba ni nyingi kule juu milimani. Alisema hivyo akitabasamu. Akamwomba mume wangu amwonyeshe.

Bare ilikuwa na diski za kawaida tu, alizokuwa amezibeba asubuhi ileile akiimba. Mume wangu aliinama. Alishika pale anaposhika siku zote. Nikaona mishipa ya shingo inasimama, mikono inatetemeka, jasho linamtoka kwenye paji. Bare haikuachana na sakafu. Alijaribu mara ya pili, akatoa sauti ndogo ambayo niliwahi kuisikia kutoka shimoni tu, akapiga goti, akaanza kuhema. Mwenye bunduki alicheka. Yule mwingine hakucheka, alimtazama kwa makini, kama mimi nilivyotazama zile diski dukani.

"Sasa hii chuma iko ya nini hapa?" aliniuliza.

"Ya kufungia mulango, papa," nikasema. "Nilisha kusema vile ku baryeri."

Akasema watapita tena, akarudisha kikombe mkononi mwangu, wakaondoka.

Niliposikia hatua zao zimekwisha nilimkumbatia mume wangu pale chini. Nilimwambia amefanya vizuri sana, hata mimi nilimwamini. Alikuwa bado anatazama bare. Kisha akanyoosha mkono upande, akautafuta ukuta, akaushika, akainuka.

Tangu siku ile hajabeba. Nilimwuliza mara moja tu, tukila, kama alikuwa anaigiza.

"Sijuwe," alisema. "Na sitaki kujua."

Lile shimo tulilijaza mawe. Diski nilimpa rafiki yangu wa maharagwe, anazitumia kukandamiza turubali lake upepo ukija. Bare nilibaki nayo. Fundi wa Masisi alitutobolea pande mbili za lango, akaweka vishikio, na sasa kila jioni naipitisha mle na kila asubuhi naitoa niende Birere, kwa sababu nilishawaambia mara mbili kwamba ni ya mlango. Ni kilo saba na nusu, nilipima. Mwanzoni nilikuwa nikiishika kwa mikono miwili. Siku hizi naitoa kwa mmoja, na kabla sijaitoa nasikiliza kwanza nje. Jumapili iliyopita, mume wangu akiwa amesinzia kwenye kiti, nilipitisha mikono chini ya magoti yake na nyuma ya mgongo wake, nikamwinua kidogo tu, nione. Hakuamka. Nadhani naweza kumbeba hadi barabarani. Zaidi ya hapo sijui.